Idadi ya miche haitakuletea maji mferejini: Tazama kinachomea kando ya vijito vya Aberdare

Ukiishi Umoja, Kayole au Pipeline, unaijua ratiba ya maji kuliko ratiba ya mechi za wikendi. Mfereji ukianza kukohoa hewa unajua mgao umefika mtaani, na unajua bei ya mtungi wa lita 20 itapanda kabla jua halijatua. Unalaumu kampuni ya maji, unalaumu kaunti, unamlaumu landlodi. Wote wana makosa yao, hilo sikatai. Lakini leo nataka uangalie juu zaidi, mahali maji hayo yanapoanzia safari.

Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, ambalo likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Bwawa hilo linalishwa na mito Thika, Kayuyu na Githika. Mnamo 2022 likazinduliwa lile handaki la kilomita 11.8 ambalo lina kazi ya kuchota maji ya Maragua, Gikigie na Irati na kuyaelekeza huko huko Ndakaini. Ongeza bwawa la Sasumua kule Njabini, ongeza la Ruiru. Fuata mito hii yote hadi inakotoka na utajikuta kwenye safu moja ya milima: Aberdare. Mji wa mamilioni ya watu unakunywa kutoka kwa mlima mmoja.

Na kwenye mlima huo, mto hauanzi kama mto. Unaanza kama unyevu ndani ya udongo, kisha kijito cha kurukwa na mtoto, na pembeni mwa hicho kijito kuna aina fulani ya msitu ambayo hatuizungumzii kamwe, hata tukiwa tumeshika miche mkononi siku ya kupanda miti. Ndiyo stori ya leo.

Msitu wa mchanganyiko

Kama ulishawahi kupanda Elephant Hill na kundi lenu la wikendi, au mkaenda Kereita kuteleza kwenye ile kamba ya angani, basi huu msitu umeupita, pengine ukipiga selfi. Ni pale njia inaposhuka bondeni, hewa inakuwa baridi ghafla, na unasikia maji kabla ya kuyaona.

Simama hapo uangalie juu. Utaona miti ya aina mbili kuu ikiishi pamoja. Kuna ile ya jamii ya misonobari, isiyotoa maua tuliyoyazoea, na kuna ile ya majani mapana.

Kwenye jamii ya misonobari, Kenya ina wenyeji wachache sana: mtarakwa, ambao fundi wa mbao huuita sida, na podo, ambayo Wakikuyu huiita muthengera. Basi. Ile saiprasi na paini unayoiona imepangwa mistari kama askari ukipita Kinale au Timboroa ni wageni. Asili yao ni Mexico na nchi jirani, na waliletwa kwa ajili ya mbao. Hili ni muhimu kulikumbuka kwa sababu watu wengi mjini wakisikia "msitu wa mlimani" picha inayowajia akilini ni ile ya saiprasi. Hilo ni shamba. Zao lake ni mbao, na zao likikomaa huvunwa.

Upande wa majani mapana ndio wenye watu wengi. Kuna mzeituni wa mwitu, mutamaiyu, ambao makaa yake mazito yameuponza kwa sababu yanawaka muda mrefu. Kuna muiri, ambao gome lake hununuliwa ng'ambo kutengenezea dawa za tezi dume, na ndiyo maana biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu miaka ya tisini. Upande wa mashariki na kusini wa Aberdare, ambako mvua ni nyingi, kuna muthaiti, mti mkubwa wenye harufu ya kafuri ambao wakata mbao haramu waliuwinda kama pembe ya kifaru. Na pale pale majini, mizizi ikiwa imelowa, kuna ndugu za mzambarau na yale makangaga marefu kama miti, yenye majani kama mwavuli.

Upande wa magharibi, kule Nyandarua, mvua ni kidogo. Huko mtarakwa, podo na mutamaiyu ndio wenye mji. Lakini teremka kwenye bonde la kijito na utakuta miti inayopenda maji imejipenyeza katikati ya ile inayovumilia ukavu, kwa sababu kijito kinawapelekea unyevu hadi mlangoni. Kwa hiyo mstari mwembamba wa mita kadhaa kando ya maji huwa na aina nyingi za mimea kuliko mteremko mzima ulio juu yake. Ukikata mstari huo hujakata "miti kidogo tu ya pembeni." Umekata sehemu iliyo tajiri kuliko zote.

Kazi inayofanyika hapo

Sasa, hii miti inafanya nini hasa? Tuachane na ile lugha ya mabango ya "miti ni uhai", haikuambii kitu.

Mvua kubwa ikinyesha juu ya msitu wa mchanganyiko, haifiki chini kwa kishindo. Inagonga podo mrefu, inadondokea mti wa kati, inadondokea kichaka, inatua kwenye zulia la majani yaliyooza. Zulia hilo linanyonya kama sponji. Maji yanaingia ardhini polepole na kuibuka kwenye kijito siku au wiki nyingi baadaye, wakati mvua imeshasahaulika. Hiyo ndiyo sababu mto wa mlimani hutiririka Februari ingawa anga ni kavu. Majani ya podo na mtarakwa hayapukutiki yote msimu mmoja, kwa hiyo paa lipo mwaka mzima. Ukungu wa asubuhi nao unashikwa na majani na kudondoka kama mvua ndogo.

Mizizi ina mgao wake wa kazi. Mingine inazama chini, mingine inatambaa kando na kufuma ukingo wa mto kama kikapu. Majani mapana yanayoanguka majini yanaliwa na wadudu wadogo, wadudu wanaliwa na samaki na vyura. Kivuli kinaweka maji baridi.

Ondoa mstari huo, weka viazi au sukuma hadi ukingoni, na mvua ile ile inafika chini ikiwa na hasira. Udongo unaenda nayo. Udongo huo ndio unaojaza mabwawa tope na kufanya kusafisha maji kuwe ghali, gharama ambayo mwisho wake ni wewe na bili yako. Ndiyo maana 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Upper Tana–Nairobi, unaowasaidia wakulima wa juu kulinda udongo wao. Wenye kutumia maji waligundua kuwa ni nafuu kumsaidia mkulima wa Murang'a kuliko kuchuja shamba lake kutoka kwenye mabomba.

Kuna jambo jingine kuhusu mchanganyiko. Mwaka 1990 mdudu mdogo anayefyonza utomvu wa saiprasi aliingia Kenya na kuangamiza mashamba mengi ya saiprasi. Hata mtarakwa wetu ulishambuliwa. Ulipopandwa mti mmoja peke yake, kilima kizima kilikuwa rangi ya kutu. Palipokuwa na mchanganyiko, mtarakwa ukiugua, podo na mutamaiyu walikuwa bado wamesimama wakishika udongo. Hiyo ni bima, na haina malipo ya kila mwezi.

Huwezi kuupanda kwa siku moja

Hapa ndipo siasa inapoingia.

Serikali ilituahidi miti bilioni 15 kufikia 2032. Tukapewa likizo ya kupanda miti tarehe 13 Novemba 2023. Mei 10, 2024, tukapewa nyingine, ya kuomboleza waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti pia. Mitandao ikajaa picha za watu wameinama na jembe safi. Sina ubaya na picha. Tatizo langu ni hesabu.

Angalia jinsi huu msitu unavyozaliwa. Mtarakwa hupenda jua na uwazi. Mara nyingi humea kwa wingi baada ya moto kupita, halafu chini ya kivuli chake watoto wake wenyewe hawafui dafu, wanaochukua nafasi ni miti ya majani mapana na podo. Podo huanza maisha vizuri zaidi kivulini. Tena podo una miti dume na miti jike: ukipanda dume watupu, umepanda bustani ya mabachela, hutaona mbegu. Muthaiti nao huchipuka sana kutoka kwenye mizizi ya mti mzee, kwa hiyo mzee aking'olewa na kisiki chake, ukoo wake pale umeisha. Na mbegu nyingi za msituni hubebwa na ndege kama hondohondo na shorobo, na nyani pia, ambao hawaji mahali pasipo na matawi ya kutua.

Kwa maneno mengine, msitu huu una foleni yake. Wa kwanza anamwandalia wa pili, wa pili anamlea wa tatu, na foleni hiyo ni ndefu kuliko umri wa babu yako. Siku ya kupanda miti haina foleni. Lori linakuja na miche, mara nyingi ya aina moja au mbili zinazokua haraka, kila mtu anapewa wake, inapandwa mahali palipo wazi karibu na barabara ambapo mheshimiwa anaweza kufika bila kuchafua viatu. Hapo hakuna kijito wala kivuli, na mwaka unaofuata hakuna wa kurudi kuona ni mingapi imebaki.

Kibaya zaidi, mara nyingi kilichopandwa kando ya mto ni mkaratusi, ile tunayoiita blugamu. Unakua upesi, unauzwa kama nguzo na kuni, na unakunywa maji kama mtu aliyetoka kukimbia marathoni. Mwaka 2009, marehemu John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Kelele zikapigwa kidogo, kisha zikafifia. Tembea kando ya mito ya Kiambu na Murang'a leo uone ni nani aliyeshinda.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye Katiba. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Tathmini ya kitaifa ya 2021 ilisema miti imefunika asilimia 12.13 na misitu 8.83. Kwa hiyo kwenye karatasi tumepita mtihani wa miti. Blugamu ya ukingoni inahesabiwa. Saiprasi ya Kinale inahesabiwa. Podo wa miaka 200 anayeshikilia chemchemi ya mto Thika naye anahesabiwa sawasawa na mche wa juzi. Hesabu ikiwa hivyo, mtu anaweza kukata cha maana, apande cha haraka, na namba ikapanda.

Ndiyo maana sikushangilia wala sikulia sana Rais Ruto alipoondoa marufuku ya ukataji miti Julai 2023. Marufuku hiyo ilitangazwa Februari 2018, na aliyeitangaza ni yeye mwenyewe akiwa naibu wa rais. Kilichoruhusiwa 2023 kilikuwa miti ya mashamba iliyokomaa, na ukiniuliza, saiprasi iliyokomaa ni zao, inaweza kuvunwa. Miti ya kiasili katika misitu ya serikali imekatazwa kukatwa tangu enzi za Moi, 1986. Hofu iliyowapeleka Chama cha Mawakili kortini, na korti ikasimamisha agizo hilo kwa muda, ni ya kawaida sana kwa yeyote anayewajua wakata miti wetu: msumeno ukishaingia kwa kibali cha saiprasi, nani anausindikiza usipotee njia hadi bondeni, kwenye mtarakwa na podo waliobaki kando ya kijito? Askari wa msitu mmoja na pikipiki isiyo na mafuta?

Mita 30 za nani?

Unakumbuka Aprili na Mei 2024. Mvua iliua watu zaidi ya 200 nchini. Mai Mahiu, usiku wa kuamkia Aprili 29, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli yalipasuka na kufagia nyumba na watu waliolala. Baada ya hapo serikali ikakumbuka kuna kitu kinaitwa ardhi ya kando ya mito. Matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru. Amri ilikuwa mita 30 kutoka mtoni, na watu wakapewa saa chache za kubeba godoro.

Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilisema ukingo unaolindwa ni kati ya mita 6 na mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Sheria nyingine zina vipimo vyake, na mkanganyiko huo umewafaa sana wajenzi wenye mawakili wazuri. Lakini niambie: ni lini mara ya mwisho uliona serikali ikipima hata hizo mita 6 kule juu, kijito kinapotoka msituni na kuingia kwenye mashamba? Mto unaokuta nyumba ya mabati Mathare ulishaporwa ukingo wake mara nyingi kabla ya kufika hapo, kuanzia kwa mashamba, kisha magorofa, kisha maegesho ya magari. Aliye chini kabisa, asiye na hati, ndiye anayelipa kwa niaba ya wote.

Nisieleweke vibaya kuhusu wakulima. Mtu mwenye nusu ekari Gatanga hawezi kuachia ukingo wa mto bure. Hapo ndipo penye unyevu, ndipo nduma na majani ya ng'ombe yanamea hata kiangazi, na hapo ndipo karo inatoka. Ukimwambia aache miti imee ili wewe wa Kilimani uoge mara mbili kwa siku, atakuuliza unalipa ngapi. Swali lake ni halali. Viongozi wa Murang'a walipiga kelele juu ya lile handaki kwa sababu hiyo hiyo: maji yanapita kwao kwenda Nairobi huku baadhi ya wenyeji wakibeba ndoo. Unaweza kusema ni siasa, na ilikuwamo siasa, lakini hoja yenyewe ni ya haki. Kama ukingo wa mto unazalisha maji, basi ukingo huo ni kiwanda, na mwenye kiwanda anastahili mshahara. Binafsi naona sehemu ya bili ya maji ya Nairobi ingefaa irudi juu waziwazi, shilingi inayoonekana kwenye risiti, badala ya kutegemea wahisani.

Halafu kuna barabara. Njia ya zamani inayokata Aberdare kutoka Ihithe, Nyeri, hadi Ndunyu Njeru, Nyandarua, serikali inataka kuipanua na kuitia lami. Januari 2024 NEMA ilitoa leseni, wahifadhi wakapinga, suala likafika kortini. Wanaoiunga mkono wana sababu: mkulima wa viazi Nyandarua anazunguka mbali kufika soko la Nyeri. Wanaopinga nao wanajua barabara ya lami haiji peke yake. Huja na mitaro inayoelekeza maji mahali yasipozoea kupita, huja na lori la usiku lenye makaa, huja na kibanda, kisha plaza. Na barabara ya mlimani ikikata kijito, inakata ule mstari wa miti niliokuwa nikikueleza, mara moja kwa kila daraja.

Ihithe, kwa taarifa yako, ndiko alikozaliwa Profesa Wangari Maathai. Katika kitabu chake cha maisha, Unbowed, anaeleza kuhusu mugumo uliokuwa karibu na kwao na kijito kilichokuwa karibu nao, alikocheza na mayai ya vyura akiwa mtoto. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mti huo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Alipotoka masomoni ng'ambo akakuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Watu wanamkumbuka kwa Karura na Uhuru Park, lakini fikra zake zilianzia hapo, kwenye mti mmoja na maji yaliyokuwa chini yake.

Hati ya kusoma

Sasa wewe wa mtaani ufanye nini? Sitakuambia upande mti. Umeshaambiwa vya kutosha.

Mwaka 2024 vijana wa nchi hii walisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Sheng, kwa Kiswahili na hata kwa lugha za mama, hadi wabunge wakaanza kuulizwa maswali ambayo wenyewe hawakuwa wamesoma majibu yake. Ripoti ya tathmini ya athari za mazingira ni hati kama ile. Mradi mkubwa unaogusa msitu lazima uwe nayo, NEMA hutangaza magazetini, na umma hupewa siku 30 za kutoa maoni. Ukiipata, usianzie kwenye muhtasari ambao mwenye mradi ameupamba. Fungua sehemu ya mimea. Angalia kama wametaja vijito vingapi vinavukwa, na miti gani iko kwenye kila kivuko. Wakiandika tu "uoto wa asili utaathirika kidogo na miche itapandwa mahali pengine," hapo ndipo pa kuuliza: miche ya nini, wapi, na nani atailea foleni ile ya miaka mia?

Huhitaji kuwa mwenye shamba Murang'a ndipo usikilizwe. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Ingawa, kama unanunua mtungi wa tatu wiki hii, hasara unayo tayari na risiti huna.

Na wikendi mkirudi Kereita, muulizeni yule kijana wa pale anayewatembeza awaonyeshe podo dume na podo jike. Waelekezi wengi wa kule wamekulia msituni na miti wanaijua kwa majina ya nyumbani. Mwongezeeni kitu kidogo, kisha mshuke naye hadi kwenye kijito.